Sekunde Kumi na Tisa

Shauri Moyo
Jumatano, 15 Januari 2025

Kwako Ruqiya,

Usishangae mjomba wako Nuh akikuletea karatasi badala ya salamu. Nilimvizia sokoni Gikomba, karibu na pale mamangu anapouzia mapazia, akipakia marobota ya kupeleka dukani Njiru. Nikamwomba awe posta yetu kila Alhamisi. Alicheka mpaka akakalia robota. "Nyinyi watoto, mmerudi zamani?" akaniuliza.

Tumerudi, kwa sababu simu yangu imefungiwa tangu juzi. Kuna watafiti wa chuo kikuu wanaotaka kujua kama wanafunzi wakikaa muhula mzima bila simu, shuleni na hata nyumbani, watatulia akilini kuliko wale wanaobaki nazo. Shule yetu imo. Wazazi walitia sahihi, nasi tukatia. Simu zikaingia kwenye bahasha zenye majina, bahasha zikaingia kwenye kabati la chuma ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, na ufunguo ukageuzwa. Ungesikia kimya kilichofuata ungedhani tumezika mtu.

Anayesimamia ni dada mmoja anaitwa Jacky, mpole, mwenye fomu ndefu ya maswali. "Katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi ulikosa utulivu?" Kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Nilitia alama kwenye mara chache. Angeniuliza leo ningetoboa karatasi. Mkono unaenda mfukoni wenyewe. Jana nilitoa kifutio katikati ya somo la Historia, nikakitazama kwa muda kabla sijakumbuka kwamba hakina kioo.

Miaka kumi na tano tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, nami nilikuwa nikiugonga nawe ukinisikia. Sasa mmehamia Njiru na ukuta wenu una wapangaji wapya wasiojua kugonga. Niandikie. Shule mpya ikoje? Umeshapata wa kuketi naye?

Wako asiyetulia,
Kasiva

*

Njiru
Jumatano, 22 Januari 2025

Niaje Kasi,

Barua yako ilifika ikinuka mapazia mapya. Na hicho Kiswahili chako! Unaandika kama mtu anayesahihishwa.

Huku ni vumbi na ghorofa ambazo hazijaisha. Nyumba yetu ni kubwa kuliko ile ya Shauri Moyo, lakini ukiita mtu sebuleni sauti inarudi peke yake. Shuleni wamejuana tangu kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza nilikula chakula cha mchana nikitazama ukuta. Sikukwambia kwa sababu ungenihurumia, nami sipendi.

Usijali lakini, mambo yamebadilika. Tangu Ijumaa wasichana watatu wanakuja kuketi nami. Wanasema ninachekesha. Mimi! Mchekeshaji tunamjua ni nani.

Shule yetu haikuchaguliwa kufungiwa simu. Tunaambiwa tusije nazo na sote tunakuja nazo, kwenye soksi, kwenye mkoba wa sodo. Yangu naichungulia chooni kila kipindi kikiisha. Nikiiweka chini naona kama kuna mtu ananiita.

Nauliza tu: kweli huwezi kuona chochote? Hata kwa simu ya mama?

Ruqiya

*

Shauri Moyo
Jumatano, 29 Januari 2025

Kwako Ruqiya,

Mamangu bado ana ile mulika mwizi yake, inapiga na kupokea basi. Ya baba huenda naye kazini. Kwa hiyo ndiyo, mimi ni kipofu kabisa. Kama dunia ingali inazunguka, mwulize Mungu, usiniulize mimi.

Siku za kwanza nilihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifua hata nguo safi. Sasa nimeanza kuzoea, sijui vipi. Nimesoma kitabu kizima cha hadithi. Nimegundua kwamba mamangu huimba akikunja mapazia, nami nimeishi naye maisha yangu yote sikujua.

Halafu kuna hili. Mwalimu Muindi amenichagua nighani shairi kwenye tamasha la drama. Ni shairi alilolitunga mwenyewe, kuhusu kina mama wa Gikomba: "Jua halijachomoza, mama kabeba mzigo." Unamkumbuka anavyokwama akiita majina asubuhi, darasa zima tukiinamisha vichwa tusicheke? Akighani hakwami. Hata mara moja! Nilimwuliza ni kwa nini, akasema, "Shairi lina m-m-mizani, Kasiva. Mizani inanishika mkono."

Tangu aseme hivyo nina jambo linanichoma. Ile siku mlipokuwa mkipakia vitu vyenu, nilipopanda juu ya kochi nikiwa na sare nikamwigiza akiita rejista, nawe ukanirekodi. Nikikumbuka natamani sakafu inimeze. Tafadhali ifute. Najua pengine ulishaifuta, lakini niambie tu kwamba umeifuta.

Kingine, watoto wa hapa bombani wameanza kuniita "Ka-ka-ka-Kasiva". Sijui wameitoa wapi. Labda walinisikia siku ile, kuta zetu unazijua.

Wako,
Kasiva

*

Njiru
Jumatano, 5 Februari 2025

Kasi,

Naandika mbio, mjomba anataka kuondoka mapema kesho na barua iwe tayari. Hongera kwa shairi. Utawaangusha wote.

Watoto wa bombani wapuuze. Leo wanakuita hivi, kesho watakuwa wamepata mwingine.

Jambo moja tu nakuomba. Usiitishe simu yako kabla ya muhula kuisha, hata mkiruhusiwa. Huku nje hakuna cha maana unachokosa. Naapa. Wewe endelea na kitabu chako.

Nikitulia nitaandika ndefu.

R.

*

Shauri Moyo
Jumatano, 19 Februari 2025

Ruqiya,

Alhamisi iliyopita mjomba wako alinionyesha viganja vitupu kutoka mbali, kabla hata sijamfikia. Alihisi vibaya kuliko mimi, maskini. Akaniuliza, "Mmekosana?" Nikamwambia hatujakosana. Tumekosana?

Nilikuuliza swali moja na hujalijibu. Ulijibu la watoto, ukajibu la shairi, ukarukia simu yangu ambayo sikukuuliza. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipoficha jibu. Nikafikiri, labda wale wasichana watatu wamejaa kwenye benchi na mimi sina nafasi tena. Kama ni hivyo sema. Nitalia siku mbili nimalize.

Jacky alikuja na fomu ya katikati ya muhula. Usingizi: mzuri. Hamu ya chakula: nzuri. Nilimwuliza kama tunashinda zile shule zenye simu. Akacheka, akasema hawezi kuniambia ya wengine, na kwamba si mashindano. Kisha akasema, "Watu wengi wanataka nijibu ndiyo au la. Mimi kila nikiketi na mwanafunzi napata swali jingine."

Mimi pia nina swali. Mwalimu Muindi amebadilika. Zamani alikuwa akinisahihisha akinitazama usoni, sasa anatazama dirisha. Ameahirisha mazoezi mara mbili bila sababu. Jana tulikuwa wawili tu darasani, mlango wazi, nikaghani mpaka ubeti wa tatu. Alipaswa kunisifu au kunikosoa. Badala yake aliuliza, "Kasiva, ukinisikia n-nikizungumza, unasikia nini?"

Nikasema, "Nasikia shairi, Mwalimu."

Alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akatoka.

Nilisema nini kibaya? Wewe hujua kusoma watu kuliko mimi. Niambie. Tamasha ni Ijumaa, tarehe saba Machi. Siwezi kupanda jukwaani bila kujua.

Kasiva

*

Njiru
Jumatano, 5 Machi 2025

Kasi,

Leo ni saumu yangu ya nne. Nimekaa na njaa siku nne nikijiambia kwamba ninamwogopa Mungu, na kila siku nimeamka nikakuogopa wewe. Nimechana barua tatu. Hii sitaichana.

Video ipo. Niliiweka kwenye akaunti yangu, ile ambayo ilikuwa na wafuasi sitini na wengine ni binamu zangu. Sekunde kumi na tisa. Uko juu ya kochi letu na sare ya shule, unasema "Ka-ka-ka-Kasiva", halafu unajiitikia "Hapa, Mwalimu", halafu unajikuna kidevu vile anavyojikuna. Niliandika juu yake: "Mwalimu wetu akiita rejista." Sikutaja jina. Walioijua sare walilitaja wenyewe.

Imetazamwa mara elfu sitini na mbili.

Sasa nitakwambia lile ambalo nilitaka kuliruka. Niliiweka tarehe kumi na sita Januari. Angalia tarehe ya barua yako ya kwanza. Mjomba aliniletea Alhamisi ile, nikasoma kwamba simu yako imefungiwa, nikacheka na kile kifutio chako, na jioni ile ile nikaiweka. Nilijua hutaiona. Siwezi kujidanganya kwamba sikujua.

Nilikuwa nimekula peke yangu siku nane. Ijumaa asubuhi msichana anaitwa Raho alinijia na simu mkononi akasema, "Wee, hii ni yako?" Ndivyo nilivyopata marafiki. Walikuwa wakikucheka wewe, nami nikaketi katikati nikala chakula changu.

Uliponiomba niifute nilikuwa chooni shuleni na barua yako mkononi. Nikafungua, nikaweka kidole palepale pa kufuta. Ikawa imefika elfu arobaini. Nikaondoa kidole. Nilijiambia kesho. Tangu siku hiyo sijakaa kipindi kimoja kikaisha bila kuingia kuangalia. Wewe ndiye uliyenyang'anywa simu na mimi ndiye niliyekosa raha. Nimeona ajabu hiyo, lakini hainisaidii.

Niliifuta Jumapili, siku ya kwanza ya Ramadhani. Ile yangu. Walioichukua wakaiweka kwao siwezi kuwafikia.

Ulisema mimi hujua kusoma watu. Mwalimu ameiona, Kasi. Ndiyo maana anatazama dirisha. Najua unapanda jukwaani Ijumaa na najua barua hii itakufikia kesho, siku moja tu kabla. Nilifikiri niisubirishe mpaka upite. Halafu nikaona hiyo ingekuwa mara ya pili kukuficha jambo kwa kisingizio cha kukutakia mema.

Nisamehe kama unaweza.

Ruqiya

*

Njiru
Jumatano, 19 Machi 2025

Kasi,

Mjomba amerudi mara mbili bila kitu. Juzi mamangu aliniuliza kwa nini ninakimbilia lango nikisikia gari lake. Nimemwambia yote. Hakunipiga. Alisema tu, "Huyo msichana nilimnyoa nywele zake za kwanza." Afadhali angenipiga.

Sikuombi ujibu. Ndani kuna bahasha nyingine, ya Mwalimu Muindi. Haijafungwa, soma ukitaka. Ukiona haifai, itupe.

Ruqiya

*

Shauri Moyo
Jumatano, 26 Machi 2025

Kwa Ruqiya,

Barua yako imenifikia. Kasiva aliiweka mezani pangu, na nadhani hakuisoma.

Umeniandikia kwamba hukujua ingenifikia. Basi nikueleze ilivyonifikia. Binti yangu yuko gredi ya sita. Jumapili moja mwanzoni mwa Februari alinijia na simu ya mama yake, amefunika mdomo. Aliniuliza, "Baba, huyu si wewe anayeigizwa?" Alikuwa ameanza kucheka kabla ya kufika kwangu, na akaacha aliponiona. Hilo la kuacha ndilo lililoniuma. Tangu siku hiyo akinisikia nimekwama kwenye neno, hunimalizia haraka, na zamani alikuwa akisubiri.

Nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka mitano. Nimechekwa kijijini, chuoni na kwenye mikutano ya wazazi. Nimezoea mtu kunicheka na kwenda zake. Sikuwa nimezoea kuchekwa na watu ambao siwaoni, nikiwa ndani ya basi, nikiwa dukani, nisijue ni nani kati ya walio mbele yangu ameshaona. Nilianza kutembea nikiwachunguza watu nyuso.

Nitakwambia na jambo lingine, kwa sababu umekuwa mkweli nami. Darasani kwangu simu zilikuwa kabatini. Wengi wao hawakuwa wameona. Kwa wiki kadhaa darasa lile ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo niliingia nikavuta pumzi, isipokuwa mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele ambaye sikuweza kumtazama. Watafiti hawakuniletea fomu, na sijui ningeandika nini.

Umeniomba msamaha. Sitakuandikia kwamba nimekusamehe kwa sababu bado, na sitaki kukufundisha kwamba neno hilo hutolewa kwa adabu tu. Nimeipokea barua yako. Nimeiweka. Insha zako zilikuwa nzuri ulipokuwa kwetu. Naona bado unajua kusema jambo lilivyo. Endelea hivyo, hasa likiwa linakuaibisha.

Mwalimu Muindi

*

Shauri Moyo
Jumatano, 2 Aprili 2025

Ruqiya,

Barua yako ya saumu ya nne niliisoma Gikomba, nimesimama kati ya mapazia, mamangu akipatana bei na mteja. Nilipomaliza nikaanza kuyakunja mapazia yaliyokuwa yamekunjwa. Sikulia. Kila aliyepita mbele ya kibanda nilijiuliza kama ameniona juu ya kochi.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta Mwalimu nje ya ukumbi wa tamasha, ameshika karatasi za kuandikisha. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yakaniponyoka yote. Nikasema, "Mwalimu, ni mimi kwenye video."

Akasema, "Nilijua."

"Kwa nini basi hukunitoa?"

Alikwama. Nilimwona anavyohangaika na neno, shingo imekaza, na safari hii sikuinamisha kichwa. Nilisubiri mpaka likatoka. "K-k-kwa sababu shairi ni zuri," akasema, "na hakuna mwingine anayeliweza. P-panda."

Nikapanda. Ukumbi ulijaa shule zenye simu. Ubeti wa kwanza nilighani vizuri. Nilipovuta pumzi ya ubeti wa pili, mvulana mmoja huko nyuma akaita, "Ka-ka-ka-Kasiva!" Ruqiya, kicheko kilikuja kama mabati yakiangushwa. Niliona simu zikiinuliwa, moja, kisha safu nzima. Na ubeti wa pili ukafutika kichwani. Nilitafuta neno la kwanza. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Nilisimama pale nikajua, kwa mara ya kwanza, vile inavyokuwa kutaka kusema na usiweze huku watu wakikungoja ili wacheke.

Halafu nikasikia sauti kutoka kando ya jukwaa. "Tope halimzuii, wala jua la mchana." Ilitoka nzima, nzito, ikafika mpaka ukuta wa nyuma. Watu waligeuka kutafuta ni nani. Waliomfahamu kwa ile video tu hawakumtambua. Nikaidaka, nikaendelea mpaka mwisho.

Tulitolewa. Kukumbushwa maneno ni kosa, na Mwalimu aliijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote mle ndani. Majaji walimwuliza kwa nini, akajibu kwamba alikuwa amechoka kunyamaza.

Usidhani mambo yamekwisha kwa uzuri. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Uliniigiza vibaya. Mimi sikwami sana kwenye 'k'. Hukwama kwenye 'm'. Nimejiita M-m-muindi maisha yangu yote." Nilicheka kabla sijajizuia, naye akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. Muhula ujao ameomba darasa lingine. Nilimwendea nikamsihi abaki. Akasema si adhabu, ni mapumziko. Nimesimama mbele ya darasa nikawaeleza wote nilichofanya, kabla hawajarudishiwa simu na kujionea. Wengine walinuna. Mmoja alicheka. Naona huo ulikuwa mwanzo tu.

Jacky amekuja na fomu ya mwisho. Nilimsimulia yote haya, akaweka kalamu chini akasikiliza. Nikamwuliza niandike nini, simu ilinidhuru au kutokuwa nayo? Maana bila kabati lile ningejua siku ya pili, ningekupigia kelele, ungeifuta ikiwa na watu mia. Na bila kabati lile nisingemjua Mwalimu, wala nisingeona aibu. Akasema niandike hivyohivyo, nyuma ya karatasi kuna nafasi. Niliijaza nafasi yote. Ijumaa tunarudishiwa simu. Nitaichukua yangu. Nimeitamani sana, sitakudanganya.

Sasa wewe. Nimekuandikia barua nyingi kichwani kwa wiki nne. Katika nyingine nakutukana kwa maneno ambayo hata ya Gikomba ni afadhali. Katika nyingine nakuuliza kwa nini hukuniambia tu kwamba unakula peke yako, ningekuja Njiru kwa miguu. Sijazituma kwa sababu kwenye karatasi nashinda kila mara. Wewe huna nafasi ya kujibu, na mimi sioni uso wako. Nimegundua sipendi tena kusema mambo mazito kwa mtu nisiyemwona.

Kwa hiyo usijibu barua hii. Jumamosi nakuja kwenu, mamangu amekubali. Nifungulie lango wewe mwenyewe. Nitakugombeza nikikutazama machoni, na wewe useme lako lote, na nikikatiza unikatize. Sijui tutafika wapi. Mwambie mamako anitengee sahani, maana sioni tukimaliza kabla ya chakula.

Kasiva